Kadi ya Nol: nauli ya metro na basi kwa mfanyabiashara anayekwenda Dubai

Nol ni kadi ya nauli inayojazwa fedha kabla ya safari. Inatumika katika usafiri wa umma wa Dubai, katika Falme za Kiarabu: metro, mabasi, tramu na vyombo kadhaa vya majini. Ilianza kutumika mwaka 2009, mwaka ule ule metro ya jiji hilo ilipofunguliwa, na inasimamiwa na Mamlaka ya Barabara na Uchukuzi, inayojulikana zaidi kwa herufi RTA. Jina lake si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya ujira wa safari, na ndilo lililotupatia neno letu "nauli".

Kwa wafanyabiashara wa Goma, Bukavu, Bujumbura, Kigali na Kampala wanaofuata mzigo Dubai, kadi hii si jambo dogo. Safari ya siku tano au sita hupigiwa hesabu mapema: tiketi ya ndege, viza, chumba, chakula, kago. Usafiri wa ndani ya jiji mara nyingi husahauliwa, kisha unakula fedha kidogo kidogo kupitia teksi. Wapo pia wanaoingia metro bila kujua taratibu zake na kutozwa faini ya dirhamu 200. Dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725, kwa hiyo faini moja ni zaidi ya dola 54. Kwa mwenye mtaji wa kuunga, hiyo ni faida ya dazeni kadhaa za nguo.

Fedha taslimu haziingii

Jambo la kwanza ni kwamba dereva wa basi wa Dubai hapokei noti wala sarafu, na hakuna kondakta. Aliyezoea kupanda gari Kampala au Goma na kulipa akiwa njiani atasimama mlangoni bila msaada. Msafiri wa Kigali ana nafuu, kwa kuwa kadi ya Tap&Go imekuwa kwenye mabasi ya jiji hilo tangu 2015 na mkono umeshazoea kugusisha. Hata hivyo mazoea ya Kigali yanaweza kumponza. Kwa miaka mingi abiria wa kule aligusisha mara moja tu, wakati wa kupanda, akakatwa nauli ya njia nzima. Dubai hugusisha mara mbili: kuingia na kutoka. Mashine husoma mahali alipoingilia, husoma mahali alipotokea, ndipo hukata nauli.

Katika metro ni vigumu kusahau, kwa sababu lango la kutokea halifunguki bila kadi. Kwenye basi hakuna lango. Mashine ipo karibu na mlango, na abiria mwenye mifuko miwili mikononi hushuka haraka na kuiacha. Hapo mfumo haujui ameshukia wapi, hivyo unamhesabia nauli ya juu kabisa. Huyo amelipa dirhamu 7.50 kwa safari ambayo huenda ingekuwa 3. Kusahau kugusisha wakati wa kupanda ni kubaya zaidi, maana kwa mkaguzi huyo ni abiria ambaye hajalipa.

Kadi ipi?

Zipo aina nne, nazo hutajwa kwa rangi: nyekundu, Silver, Gold na ya bluu.

Nyekundu ni tiketi ya karatasi yenye chipu ndani. Yenyewe ni dirhamu 2, hudumu siku 90 na huweza kupakiwa hadi safari 10. Mgeni mara nyingi huuziwa au huichagua mwenyewe kwa kuwa ni rahisi kununua. Kwa mtalii wa siku moja inatosha. Kwa mfanyabiashara ni hasara, kwa sababu mbili. Kila safari yake ina nyongeza ya dirhamu 1 juu ya nauli ya Silver. Pia inatumika kwa aina moja ya chombo kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayetoka metro na kuingia basi hulipa upya, kana kwamba ameanza safari nyingine.

Silver ndiyo kadi ya mfanyabiashara. Inauzwa dirhamu 25, na ndani yake tayari kuna salio la dirhamu 19, maana yake bei halisi ya kadi ni dirhamu 6. Hudumu miaka 5. Tofauti ya bei kati yake na nyekundu ni dirhamu 4 tu, na kwa kuwa kila safari inaokoa dirhamu 1, safari ya nne inafuta tofauti hiyo na kuanzia ya tano mwenye Silver yuko mbele. Mtu wa siku sita hufikisha safari tano kabla ya kesho yake kwisha.

Gold ina bei ile ile ya dirhamu 25, na wapo wanaoichukua wakidhani ni bora kwa sababu ya jina. Kadi hiyo hufungua behewa la daraja la juu na hukata nauli mara mbili. Kadi ya bluu hubeba jina na picha ya mwenyewe, huombwa kwa fomu, gharama yake ni dirhamu 70 zikiwemo 20 za salio, na inawafaa zaidi wakazi. Faida yake moja ni kubwa: ikipotea, salio linaweza kurudishwa kwa mwenyewe. Silver isiyosajiliwa haina mwenyewe. Ni sawa na noti mfukoni, aliyeiokota ndiye atakayeitumia. Kwa sababu hiyo si busara kujaza dirhamu 300 kwa mara moja kwa kuogopa foleni.

Nauli zinavyohesabiwa

Dubai imegawanywa katika kanda 7. Nauli haifuati idadi ya stesheni, inafuata idadi ya kanda ambazo abiria amepita. Kwa kadi ya Silver, safari ndani ya kanda moja ni dirhamu 3. Ikihusisha kanda mbili zinazopakana ni dirhamu 5. Zaidi ya kanda mbili ni dirhamu 7.50, na hapo ndipo mwisho, hata kama mtu atavuka jiji zima. Kwa tiketi nyekundu viwango hivyo ni 4, 6 na 8.50.

Kwa bahati nzuri maeneo yanayofuatwa na wanunuzi wetu yako karibu. Uwanja wa ndege na Deira viko kanda ya 5. Bur Dubai iko kanda ya 6. Kutoka Terminal 1 au Terminal 3 hadi stesheni ya Union, katikati ya Deira, ni dirhamu 3. Teksi inayochukua abiria uwanja wa ndege huanza na dirhamu 25 kwenye mita kabla gurudumu halijazunguka. Tofauti ya dirhamu 22 kwa dakika chache za safari ni kubwa, ila haimfai kila mtu. Ndege nyingi za flydubai hutumia Terminal 2, ambayo haina stesheni ya metro. Isitoshe metro hulala. Jumatatu hadi Alhamisi, na pia Jumamosi, hufanya kazi kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku. Ijumaa huongezwa saa moja, hadi saa 7 usiku. Jumapili huanza saa 2 asubuhi. Anayetua saa 9 usiku ana mawili: kukaa uwanjani hadi alfajiri au kuchukua teksi. Teksi nazo hupokea kadi ya Nol, lakini kwa bei ya mita, si kwa bei ya kanda.

Kuna njia moja ambayo metro inashindwa kwa bei. Kati ya Deira na Bur Dubai kuna Khor, mkono wa bahari unaopasua mji wa zamani, na watu huvushwa kwa mashua ndogo ziitwazo abra. Nauli ya abra ya kawaida ni dirhamu 1, taslimu, mkononi mwa nahodha. Njia hiyo hiyo kwa metro ni dirhamu 5, kwa kuwa inavuka kanda. Mnunuzi wa vitambaa anayelala Deira na kununua Bur Dubai afadhali abaki na sarafu mfukoni. Gatini hapo pia ataona majahazi ya mbao yakipakia friji, matairi na magodoro, kazi ambayo Khor hiyo imeifanya tangu enzi za babu zetu wa pwani.

Kubadilisha chombo bila kulipa upya

Hapa ndipo Silver inapoonyesha thamani yake, na ndipo wengi wanapopoteza bila kujua. Abiria anayeshuka metro na kugusisha kwenye basi ndani ya dakika 30 huhesabiwa kuwa bado yuko katika safari ile ile. Anaruhusiwa kubadilisha hadi mara tatu, ilimradi safari nzima isizidi dakika 180. Nauli hukatwa kwa kanda zote kwa pamoja, na haizidi dirhamu 7.50.

Mfano wa kila siku ni Dragon Mart, soko la bidhaa za China lililo upande wa International City, mbali na reli. Wanunuzi wa vyombo vya nyumbani, taa, vigae na vifaa vya ujenzi huenda huko. Hupanda metro ya njia nyekundu hadi mwisho wake wa mashariki, stesheni ya Centrepoint, ambayo hadi 2021 iliitwa Rashidiya (wazee wa Dubai bado wanaiita hivyo, na anayeelekezwa ajue ni mahali pamoja). Hapo huchukua basi. Akienda moja kwa moja, ni safari moja. Akikaa kula au kupiga simu ndefu na dakika 30 zikapita, basi linaanza nauli mpya. Ikitokea hivyo kwenda na kurudi, kwa siku tatu, ameshalipa kadi nyingine mbili za Silver au zaidi.

Reli itafika huko pia. Njia ya bluu ya metro, yenye urefu wa kilomita 30 na stesheni 14, inajengwa na itapita International City. Tarehe iliyotangazwa ya kuifungua ni 9 Septemba 2029, miaka 20 kamili tangu metro ya kwanza. Kwa sasa ni basi.

Kwa wachukuzi na mafundi wanaotafuta vipuri na magari yaliyotumika, safari kubwa ni Sharjah, emireti jirani. Metro haifiki. Basi la RTA namba E303 hutoka Union hadi kituo cha Al Jubail, Sharjah, na hulipiwa kwa Nol, ingawa kwa nauli yake ya kati ya miji, nje ya hesabu ya kanda. Ukishafika, Nol inakomea hapo. Mabasi ya ndani ya Sharjah yana mamlaka yao na kadi yao. Maeneo ya viwanda yenye maduka ya vipuri ni mapana na yana namba nyingi, kwa hiyo ni vizuri kuwa na namba ya eneo na jina la duka kabla ya kutoka Deira. Watu watatu au wanne wenye safari moja wanaweza kukuta teksi ya kuchangia inawafaa zaidi kuliko basi na kutembea juani. Mtu mmoja, basi.

Salio na mashine

Lango la metro halifunguki kwa kadi yenye salio chini ya dirhamu 7.50, hata kama safari yenyewe ni ya dirhamu 3. Mfumo unataka kuwa na hakika kwamba utaweza kulipa safari ndefu kuliko zote. Mwenye dirhamu 6 kwenye kadi anahesabika kama hana kitu. Kiasi cha usalama ni 15, yaani kwenda na kurudi kwa nauli ya juu.

Kuongeza salio hufanyika kwenye mashine za stesheni, kwenye madirisha ya tiketi, katika baadhi ya maduka na kwa simu. Tangu Agosti 2024 dirisha la tiketi halipokei chini ya dirhamu 50 kwa mara moja. Mwenye kutaka kujaza kidogo aende kwenye mashine, ambayo hupokea noti na sarafu na ina maandishi ya Kiingereza pamoja na Kiarabu. Kwa safari ya siku sita, dirhamu 50 juu ya zile 19 za mwanzo huwatosha wengi. Mwenye mizunguko mingi kila siku aulize pia pasi ya siku saba, ambayo ni dirhamu 50 kwa kanda moja, 80 kwa mbili na 110 kwa kanda zote. Kwa anayeishi Deira na kununua Deira kwa miguu, pasi hiyo ni fedha ya bure kwa RTA.

Kila abiria awe na kadi yake. Watu wawili hawawezi kupita kwa kadi moja katika safari moja, kwa kuwa mashine inamsubiri yule yule aliyeingia ndipo atoke. Mtoto wa chini ya miaka 5 hasafirii kadi. Mzazi anampitisha bure.

Mzigo

Metro inampeleka mtu sokoni. Haimrudishi na robota. RTA inamruhusu abiria begi moja kubwa lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na jingine dogo lisilozidi 55 kwa 38 kwa 20. Hivyo ni vipimo vya sanduku la ndege na begi la mkononi. Mfuko wa plastiki wenye mistari uliojazwa hadi zipu inalia hauingii kwenye hesabu hiyo, na mlinzi wa stesheni ana haki ya kumrudisha mwenye nao. Kumbembeleza hakusaidii, kwa kuwa kamera zinamwangalia yeye pia.

Waliozoea safari hiyo hufanya kwa namna nyingine. Sampuli na vitu vidogo husafiri nao kwenye metro. Mzigo wenyewe huachwa dukani ukiwa umeandikwa alama ya mwenyewe, na wakala wa kago huuchukua kutoka dukani hadi ghalani kwake, utozwe kwa kilo ukienda kwa ndege au kwa ujazo ukienda kwa meli. Kabla ya kukubali bei ya duka ni vizuri kuuliza kama wakala anafika mtaa ule bila malipo, maana punguzo la dirhamu 30 kwenye soko la mbali linaweza kumezwa na gari moja la kukodi.

Faini

Dirhamu 200 humpata anayesafiri bila kulipa, anayeshindwa kumwonyesha mkaguzi kadi, anayetumia kadi iliyokwisha muda au kadi iliyotolewa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kadi ibaki mkononi au mahali pa karibu hadi nje ya lango. Kuitupa chini ya begi baada ya kuingia ni kujitafutia taabu wakaguzi wanapopita behewani.

Dirhamu 100 ni kwa makosa ya mwenendo, na mengi yake kwetu si makosa kabisa. Kula ndani ya treni au ndani ya stesheni baada ya lango. Kunywa, hata maji. Kutafuna chingamu. Kusinzia mahali pasiporuhusiwa kulala, jambo linalowapata sana waliotua alfajiri, faini yake ni kubwa zaidi: dirhamu 300. Mwanamume kuingia behewa la wanawake na watoto, ambalo sehemu yake imetengwa kwa alama ya waridi sakafuni. Hata kusimama nusu hatua ndani ya mstari wakati treni imejaa kunahesabika. Na kuingia behewa la Gold kwa kadi ya Silver. Behewa hilo liko mwisho mmoja wa treni na mara nyingi lina nafasi, nalo huwavuta wageni wanaokimbilia mlango ulio wazi. Mama wafanyabiashara, ambao ni wengi katika misafara hii, wana haki ya behewa lao na ni vyema walitumie saa za jioni, maana mabehewa mengine hujaa hadi mlangoni kati ya saa 11 na saa 2 usiku.

Salio linalobaki

Siku ya kurudi mara nyingi hubaki dirhamu kadhaa kwenye kadi. Hakuna haja ya kuzikimbiza. Zinaweza kulipia sehemu ya teksi ya kwenda uwanjani au kitu kidogo katika maduka ya Zoom yanayopokea Nol. La sivyo kadi inakunjwa na pasipoti hadi safari ijayo, kwa kuwa muda wake ni miaka 5 na salio haliondoki kwa kukaa. Silver isiyo na jina inaweza pia kupewa mwenzako anayeondoka wiki inayofuata, mkahesabiana kwa faranga au shilingi nyumbani. Mashine ya stesheni huonyesha salio na tarehe ya mwisho ya kadi ukiigusisha bila kununua chochote. Anayepokea kadi ya mtu mwingine aitazame tarehe hiyo kwanza, kabla ya kuongeza hata dirhamu moja.